Mliofika Shiraz: mji wenyewe ukoje, na sisi Washirazi wa pwani tunahusikaje nao?

#1 MwanaDimbani (Unguja)
Assalamu alaykum wakuu. Mimi mtu wa Kizimkazi. Tangu utotoni naambiwa sisi ni Washirazi, na ushahidi wa kwanza tunaoonyeshwa ni msikiti wa Dimbani, ule wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye kibla, mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Mama yangu amekua na habari hizo, sasa amestaafu, na anachotaka ni kuiona Shiraz yenyewe. Ndugu tumechangishana, safari inawezekana.

Siombi picha. Picha za ule msikiti wa vioo vya rangi nimeziona mpaka basi. Nataka aliyefika anieleze: mtu wa pwani akishuka pale anaona nini? Kuna chochote kitakachomfanya mama aseme huku ndiko tulikotoka, au nitampeleka akaone mji wa watu tu?

#2 MtuWaRuwi (Maskati)
Wa alaykum salaam. Nimefika, maana kutoka hapa Maskati ni karibu. Kwanza kabisa mwambie mama kwamba Shiraz haina bahari. Mji uko juu, mita 1,500 hivi, umezungukwa na milima mikavu, na jioni hata mwezi wa nne utatafuta sweta. Sisi tukisikia habari za Washirazi tunawaza majahazi saba yametia nanga. Hapana bandari pale. Kuifikia pwani unashuka milima kwa gari saa kadhaa.

Lakini mji wenyewe niliupenda kuliko Tehran na kuliko Isfahan. Nenda kaburini kwa mshairi Hafez baada ya magharibi. Alifariki mnamo 1390, na kile kibanda cha nguzo 8 juu ya kaburi ni cha mwaka 1935, mchoro wa Mfaransa André Godard. Utakuta watu wa kila namna: askari wa likizo, bibi na wajukuu, wachumba. Wanaweka vidole viwili juu ya jiwe, wanasoma Fatiha, kisha mmoja anafungua diwani popote mkono utakapoangukia na kusoma shairi lile kama jibu la jambo linalomkera moyoni. Kwa nje kuna wazee wenye ndege mdogo kiganjani, unalipa, ndege anachomoa karatasi yenye ubeti wako kwa mdomo. Kijana aliyekaa karibu yangu alinisomea beti nzima kwa kichwa, sauti imemtetemeka, halafu akajitahidi kunifasiria kwa Kiarabu cha shuleni.

Sijaona mji unaomtunza mshairi namna ile. Sisi Muyaka tumemfanyia nini?

#3 Kigogo_Mpya
Naweka kambi hapa. Endeleeni.

#4 BintiMakadara (Mombasa)
MtuWaRuwi umenigusa hapo kwa Muyaka.

Mimi nilikwenda na kundi la kina mama, basi nazungumza na MwanaDimbani kwa habari ya mama yake.

Huo msikiti wa vioo, Nasir al-Mulk, si wa kale mnavyodhani. Ulijengwa kati ya 1876 na 1888, yaani ni rika moja na Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash. Mwanga wa rangi unaingia asubuhi tu kupitia ukumbi wa upande wa magharibi, na wakati wa baridi ndio unatambaa mbali zaidi kwa sababu jua liko chini. Tulifika mlango haujafunguliwa na tayari kuna foleni. Ndani kila mtu anangoja zamu ya kukaa juu ya zulia lilelile, mahali palepale, apigwe picha ileile. Mabinti wamekodi magauni. Mimi nilitoka nimenyong'onyea. Nyumba ya ibada imegeuzwa studio.

Tukaenda Msikiti wa Vakil, wa Karim Khan Zand aliyetawala 1751 hadi 1779. Ukumbi wa nguzo 48 za mawe, kila nguzo imechongwa ikajisokota kutoka chini mpaka juu. Karibu hakuna mtu. Mama mmoja katika kundi letu aliweka kiganja juu ya nguzo akaitembeza mikunjo yake mpaka mkono ukafika kikomo. Pale ndipo niliposema nimefika Shiraz.

Shah Cheragh usimkose. Amezikwa pale Sayyid Ahmad, mtoto wa Imam Musa al-Kadhim, ndugu yake Imam Ridha. Wanawake mnavaa chador, usipokuwa nayo wanakuazima mlangoni. Ulinzi ni mkali tangu lile shambulio la 2022, mtapekuliwa, mvumilie. Ndani kuta na dari zote ni vipande vya vioo vidogo vidogo, mpaka mtu hujui uangalie wapi.

Na chakula: mama atafurahi jambo moja. Wale watu UKOKO wa wali ndio heshima ya mgeni! Unapinduliwa juu ya sahani, wa rangi ya dhahabu, wengine wanatia viazi chini yake, anaanza kukatiwa mgeni. Mimi kwetu tuligombania ukoko jikoni tukapigwa mwiko.

#5 FundiSaa (Dar)
Huo ukoko umenivutia kuliko msikiti 😀

Swali kwa BintiMakadara: biriani lao likoje? Maana ndio wenyewe.

#6 BintiMakadara (Mombasa)
Shiraz sikuona biriani la kwetu. Ni wali mweupe wenye zafarani na mchuzi au nyama pembeni. Chakula chao wenyewe ni kalam polo, wali na kabichi, majani ya kunukia na vinofu vya nyama vilivyoviringwa. Pilipili hakuna kabisa, nilikula ndimu tu kujiliwaza. Na faluda yao si faluda ya Mombasa. Kwetu ni maziwa na mbegu za rihani kwenye glasi. Kwao ni tambi nyembamba za wanga zilizogandishwa, na maji ya waridi, unakamulia ndimu. Inakatika mdomoni.

#7 Mchimbuaji
MwanaDimbani, mpeleke mama kwa sababu mji ni mzuri. Usimpeleke kutafuta nasaba, utamuumiza.

Habari za Kilwa sote tunazijua: mfalme kutoka Shiraz na wanawe, majahazi saba, kila jahazi likashika mji wake, na kisiwa cha Kilwa kikanunuliwa kwa nguo ya kukizunguka. Habari hizo ziliandikwa karne nyingi baada ya tukio. Neville Chittick aliyechimba Kilwa miaka ya 1960 aliona kwamba watawala wale walifika mwishoni mwa karne ya 12, na kwamba hawakutoka Uajemi moja kwa moja. Walishuka kutoka pwani ya Banadir na visiwa vya Lamu, watu wa pwani tayari. Shiraz ilikuwa jina lenye hadhi. Mtu akitaka ukubwa alijinasibisha na mji mkubwa.

#8 MwanaDimbani (Unguja)
Mchimbuaji, nimekusoma, ila hoja yako inaacha mambo mengi chini. Makunduchi kila mwaka kuna Mwaka Kogwa. Tunahesabu Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365. Wavulana wanapigana kwa migomba, kibanda kinachomwa, watu wanakwenda kuoga pwani. Nairuzi ni ya Waajemi, hilo nani atabisha? Jina la hadhi haliwezi kuleta kalenda.

#9 Mchimbuaji
Kalenda inaletwa na mabaharia. Nairuzi ilitumika Bahari ya Hindi nzima kuhesabu pepo, kaskazi na kusi, siku za kusafiri na siku za kufunga bandari. Wala haikuhitaji mfalme kuhamia Unguja.

Tena tazama, Nairuzi ya Iran ni Machi, kwenye mlingano wa mchana na usiku. Ya Makunduchi siku hizi ni Julai, kwa sababu haiongezi siku kila mwaka wa nne, basi imekuwa ikiteleza.

#10 Chwaka74
Mnabishana kama hakuna kipimo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa miji ya pwani kati ya 1250 na 1800, Mtwapa, Manda na Kilwa zikiwemo. Kwa akina mama, asili karibu yote ni Afrika. Kwa akina baba, wengi wana asili ya Asia, na sehemu kubwa ya hiyo ni Uajemi. Kuchanganyika kulianza mnamo mwaka 1000. Bibi zetu hawakusema uongo.

#11 Mchimbuaji
Niliusoma. Kipimo kinasema Uajemi, hakisemi Shiraz. Na waliopimwa wengi ni wa makaburi ya karibu na misikiti, watu wa daraja. Mvuvi na mkulima wa pwani hawamo kwa wingi huo.

#12 Chwaka74
Basi hata hivyo umehama. Post #7 ulisema hawakutoka Uajemi. Sasa ni Uajemi lakini si Shiraz. Tukikaa hapa mpaka Ijumaa utafika Kizimkazi mwenyewe.

#13 NahodhaMstaafu (Lamu)
Vijana mnasahau bahari. Nendeni Siraf.

Siraf ilikuwa bandari kuu ya jimbo lile la Fars, mkoa mmoja na Shiraz, karne ya 9 na ya 10. Meli zake zilikwenda China na zilikuja huku. Mwaka 977 tetemeko liliipiga, na biashara yake ikaanza kushuka. Mtu wa Siraf akiulizwa ng'ambo ametoka wapi, atataja mji mkubwa anaojua msikilizaji ameusikia. Hata leo mtu wa Faza akiwa Nairobi anasema yeye wa Lamu. Na wapo walioona Kikufi cha Kizimkazi kinafanana na michoro ya Siraf.

Babu yangu alibeba boriti za mikoko kupeleka Ghuba. Mchukuzi anapima kwa mikono, zinafungwa korija, zinapangwa chini ya jahazi mpaka linakaa kwenye maji vizuri. Nyumba za zamani za Bushehr na Kuwait zina dari za boriti zetu, na upana wa vyumba vyao ulifuata urefu wa boriti. MwanaDimbani, mama akitaka kuona kwao, ateremke pwani ya Iran. Shiraz ataona maua.

#14 MtuWaRuwi (Maskati)
Nahodha salaam nyingi. Nakuunga mkono, naongeza: pwani ile, Bandar Abbas, Minab, kisiwa cha Qeshm, utaona watu weusi Wairani, wa huko huko, Kiajemi chao na Kibandari. Wengi ni wajukuu wa waliopelekwa utumwani kutoka pwani yetu, na wengine wa mabaharia. Utumwa Iran ulifutwa kwa sheria mwaka 1929 tu. Wana ngoma ya zar mpaka leo, ya kupunga pepo. Nilipoisikia niliganda. Huo nao ni udugu, na ndio hatuutaji katika nyuzi za namna hii. Tunamtafuta babu aliyekuja na taji, tunamwacha aliyekwenda na minyororo.

#15 DadaPate
Hapo #14 umesema neno zito. Asante.

#16 MkaaPembeni (Nairobi)
Swali la mtu wa kando. Iran ni Mashia. Pwani ni Masuni, madhehebu ya Shafi. Kama wazee walitoka Shiraz, Ushia ulipotelea wapi njiani?

#17 Chwaka74
Iran haikuwa ya Kishia zama hizo. Ushia ulifanywa dini ya dola na Wasafawi kuanzia 1501. Kabla ya hapo miji mingi mikubwa, Shiraz ikiwemo, ilikuwa na Masuni wengi. Mtu aliyeondoka Fars mwaka 1000 angeweza kabisa kuwa Sunni.

#18 Mchimbuaji
Hilo kweli, nampa Chwaka74.

Ila kuna msafiri mmoja aliyefika kote kuwili na hakuna aliyemtaja. Ibn Battuta aliingia Shiraz mwaka 1327, akaja Kilwa 1331, akarudi tena Shiraz 1347. Shiraz aliisifu kwa bustani, mito na masoko, akasema mashariki hakuna mji unaoikaribia Damascus kwa uzuri isipokuwa huo. Akashangazwa na wanawake wake, wanaokusanyika msikitini Jumatatu, Alhamisi na Ijumaa, elfu moja mpaka mbili, kila mmoja na upepeo wake mkononi kwa sababu ya joto.

Kilwa akasifu majengo, akasifu ukarimu wa Sultani Hasan bin Sulaiman, akasema watu ni Mashafi. Kuhusu Shiraz, kimya. Mtu ametoka kuiona Shiraz miaka minne nyuma, anakaa na Sultani wa Kilwa, na hakuna aliyemwambia sisi ni wa kule?

#19 Chwaka74
Jibu ni jepesi. Mwaka 1331 ukoo wa Kishirazi ulikuwa umeshatoka madarakani. Hasan bin Sulaiman alikuwa wa ukoo wa Mahdali, masharifu wa Yemen. Kwa nini ajisifie ukoo alioupokonya?

#20 Mchimbuaji
Au ule ukoo wa kwanza ulipewa Ushirazi baadaye, na waandishi.

#21 MwinyiMkuu_Tumbatu
Na msisahau siasa. Ushirazi wa Unguja na Pemba karne ya 20 ulikuwa pia njia ya mwenyeji kusema mimi si Mwarabu na si mgeni kutoka bara, nina changu. Ndiyo maana chama cha 1957 kikabeba jina la Afro-Shirazi. Tumbatu tunajiita Washirazi, Wangazija nao wanajiita, na hatujaulizana hati. Jina likishabebwa na watu kizazi kwa kizazi, ni lao.

#22 Kigogo_Mpya
Wakuu tumetoka kwenye safari tumeingia darasani. Mwenzetu anataka kumpeleka mama yake. Hela, viza, hoteli?

#23 MtuWaRuwi (Maskati)
Haki yako.

Viza: Desemba 2023 Iran ilitangaza kufuta viza kwa nchi 33, Tanzania ikiwemo. Hata hivyo piga simu ubalozini kabla ya kukata tiketi, na hali ya usalama iangalieni kwa wakati huo, si kwa maneno ya uzi huu.

Hela: kadi za benki za nje hazifanyi kazi kwa sababu ya vikwazo. Chukua taslimu, dola au yuro, noti safi. Bei zote wanasema kwa toman, noti zimeandikwa rial. Toman moja ni rial 10. Mgeni asiyejua anaweza kulipa mara kumi ya bei, au akadhani anaibiwa wakati bei ni halali. Uliza kila mara: toman au rial?

Na taarof. Dereva wa teksi atakwambia hakuna haja ya kulipa. Ni adabu tu. Mlazimishe mara mbili tatu, atapokea. Ukiondoka hujalipa umemdhulumu.

#24 MkaaPembeni (Nairobi)
Mbona Kenya haimo kwenye hizo 33 jamani.

#25 BintiMakadara (Mombasa)
Sisi tulipata viza zetu kupitia wakala wa ziara, pamoja na Mashhad na Qom. Wakala mmoja tuliyeanza naye alituzungusha mpaka tukamwacha. Msilipe yote kabla ya kuona karatasi.

#26 Bunia_Moja (Göteborg)
Jambo bandugu. Wenye pasipoti za Ulaya mjue hili: ukiwa umeingia Iran tangu Machi 2011, Marekani hawakukubalii tena kuingia kwa ESTA, kile kibali cha mtandaoni badala ya viza. Itabidi uombe viza kamili. Mimi niliambiwa hilo nimeshatoka Iran.

Sasa nina jambo langu. Kutoka Shiraz nilikwenda Persepolis, magofu ya mji wa wafalme wa Uajemi ya kale, wenyewe wanaita Takht-e Jamshid, kilomita 60 hivi. Mfalme Dario alianza kuijenga mnamo 518 kabla ya Kristo, Alexander akaichoma 330. Nguzo za ukumbi mkubwa zilikuwa 72, zimesimama 13. Kwenye ngazi za mashariki wamechonga wajumbe wa mataifa 23 wakipeleka zawadi kwa mfalme. Kundi la mwisho ni watu wa Kushi, nchi ya kusini mwa Misri. Nywele zao za kipilipili zimechongwa mviringo mmoja mmoja, huwezi kukosea. Mmoja amebeba chombo chenye kifuniko, mwingine ana pembe ya ndovu begani na anavuta mnyama kwa kamba.

Mnyama yule, mimi mtoto wa Ituri nilisimama mbele yake nikasema kwa sauti: okapi! Mgongo unateremka kwenda nyuma, kichwa kirefu, shingo nene ya wastani. Okapi anaishi misitu ya Kongo tu. Wazungu walimwandika 1901, wakati Wambuti wanamjua tangu hapo zamani.

#27 FundiSaa (Dar)
Twiga huyo mkuu. Mchongaji alikosa nafasi ya shingo, akaikata.

#28 Bunia_Moja (Göteborg)
Mchongaji aliyechonga kila uzi wa ndevu na kila kifundo cha kiatu, huyo wa twiga tu ndiye akakosa nafasi? Angemchonga twiga mdogo kwa kimo, shingo ndefu ingebaki.

#29 Mchimbuaji
Wataalamu wamegawanyika. Kuna wa okapi, wa twiga, na wapo wanaosema ni nilgai, swala mkubwa wa India. Mwenye nilgai ana hoja: mnyama huyo alikuwa karibu na Waajemi, mchongaji alimwona kwa macho, akampa Mkushi kwa sababu aliambiwa achonge mnyama wa ajabu. Na kumtoa okapi Ituri, umpitishe Nile nzima akiwa hai, ni kazi.

#30 Bunia_Moja (Göteborg)
Pembe za ndovu zilipita njia gani? Zilipita. Mimi sioni ajabu mnyama mchanga kupita mkono kwa mkono.

#31 DadaPate
Labda mchongaji hakumwona mnyama yeyote, alisimuliwa. Ukisimuliwa okapi utachonga kitu kama kile. Ukisimuliwa twiga pia.

#32 BintiMakadara (Mombasa)
Tukiwa Persepolis, hakuna aliyemwona Stanley? Lile Lango la Mataifa Yote alilojenga Xerxes, lenye mafahali wenye mabawa. Kwenye jiwe la ndani wazungu waliopita wamechora majina yao. Moja limeandikwa kwa herufi kubwa STANLEY, chini yake NEW YORK HERALD, 1870. Ndiye yuleyule. Mwanzoni mwa 1871 akateremka Unguja kuajiri wapagazi, mwezi wa Novemba mwaka huohuo yuko Ujiji na Livingstone. Nilisimama pale nikakasirika. Jengo la miaka zaidi ya elfu mbili, mtu anatoa patasi.

#33 MwinyiMkuu_Tumbatu
Aliyeandika jina lake kwenye lango la Waajemi, mwaka uliofuata akaja kuandika kwetu. Wapagazi waliombeba ni watu wa pwani na Wanyamwezi, nao hawana jiwe popote.

#34 FundiSaa (Dar)
Dah. Hii sikuijua.

#35 MwanaDimbani (Unguja)
Nimesoma yote, nawashukuru. Hoja ya Nahodha imenikaa. Hoja ya MtuWaRuwi #14 imenikaa zaidi. Bado sikubali kwamba jina tu ndilo lililotuleta pamoja na Nairuzi na kibla cha Dimbani. Mama nimemsomea post za BintiMakadara, ameuliza jambo moja: magoti yake mabovu, hizo ngazi za Persepolis ataziweza?

#36 Bunia_Moja (Göteborg)
Ataziweza. Ngazi kuu ina vidato 111 kila upande, lakini kila kidato kina sentimita 10 tu kwenda juu, na ni vipana, karibu mita 7. Niliona wazee wengi wakipanda wanazungumza. Tuliambiwa vilifanywa vifupi ili farasi wapande.

#37 Mchimbuaji
Hiyo ya farasi inarudiwa sana. Wengine wanasema ni kwa ajili ya wajumbe wenye majoho marefu, wapande taratibu kwa heshima, bila kuinamisha kichwa kutazama miguu.

#38 NahodhaMstaafu (Lamu)
Au mafundi walikuwa na mama zao.

#39 BintiMakadara (Mombasa)
Nahodha 😀

MwanaDimbani, sikiliza. Persepolis mwende asubuhi mlango ukifunguliwa, hapana kivuli hata cha mkono. Epukeni Nairuzi yao, mwisho wa Machi mpaka wiki ya kwanza ya Aprili, Iran nzima inakuwa barabarani na hoteli zinajaa. Nendeni katikati ya Aprili hadi Mei, michungwa michungu inachanua na mji wote unanukia, mitaani mpaka ndani ya teksi. Mchana maduka yanafungwa saa kadhaa watu walale, msigombane nao. Viatu vya kuvulika upesi. Jioni mkae kwa Hafez. Na mama mpe nafasi ya kukaa Msikiti wa Vakil bila kuhimizwa na mtu wa kundi.

#40 NahodhaMstaafu (Lamu)
Halafu mteremke Siraf.

#41 BintiMakadara (Mombasa)
Nahodha, kwa magoti hayo? Barabara ni ya milima.

#42 NahodhaMstaafu (Lamu)
Kwenye gari goti halifanyi kazi. Akifika atakaa atazame maji. Mtu wa Kizimkazi hawezi kwenda Ghuba akarudi hajaona bahari.

#43 Chwaka74
Nakubali na Nahodha kwa safari, nabisha kwa sababu. Aende Siraf kwa kuwa ni Shiraz ya baharini, zamani mkoa mmoja, watu wamoja.

#44 Mchimbuaji
Na mimi naomba aende Bandar Abbas, akakutane na hao wa #14. Kule hakuna haja ya hati wala kibla.

#45 MtuWaRuwi (Maskati)
Bandar Abbas kuna joto la kukausha mate kuanzia Mei. Kama mnakwenda huko, iwe Aprili mwanzoni, ambayo ndiyo ile Nairuzi BintiMakadara amewakataza. Pangeni ninyi. Mkipita Maskati mnijulishe hapa, nyumba ipo, na wali wenye ukoko upo.